Gundi ya epoksi ya dakika tano: namna ya kuitumia nyumbani ikashika kweli

Pakiti ya gundi ya epoksi inayoganda upesi huwa na tarakimu 5 iliyoandikwa kwa maandishi makubwa, na wengi wetu huisoma kana kwamba baada ya dakika tano kitu kilichovunjika kitakuwa kizima na tayari kutumika. Hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Dakika tano hizo umepewa wewe, si gundi: tangu sehemu zake mbili zikutane, una dakika nne au tano za kuchanganya, kupaka, kuunganisha na kunyoosha, na zikiisha gundi huanza kuvuta nyuzi na haikubali tena kusumbuliwa. Kwa kawaida unaweza kukiachilia kitu baada ya dakika 15 hadi 30, na kukishika kwa uangalifu baada ya saa moja au mbili, lakini nguvu yake kamili haifiki mpaka saa 24 zipite. Kwa kuwa muda wa kupaka ni mfupi hivyo, karibu kila jambo linaloamua kama kiungo kitadumu hufanywa kabla tyubu hazijafunguliwa, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu maandalizi.

Ndani ya pakiti mna tyubu mbili, au bomba pacha lenye kisukumio kimoja. Upande mmoja una resini na wa pili una kigumishi. Kila kimoja kikiwa peke yake hukaa muda mrefu bila kuganda, na vikichanganywa hushikana na kuwa kitu kimoja kigumu ambacho hakirudi tena kuwa majimaji. Kwa hiyo, ingawa sote tunasema kwamba gundi imekauka, hii haikauki. Haina maji wala kiyeyushi cha kuruka hewani, na ndiyo maana inaganda hata ikiwa imefunikwa kabisa kati ya vipande viwili vya kauri, tena bila kusinyaa sana, jambo linaloiwezesha kujaza pengo dogo ambalo supagluu ingeliacha wazi. Mkemia wa Uswisi Pierre Castan, aliyeomba hataza ya resini za aina hii mwishoni mwa miaka ya 1930, alikuwa akitafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia, kazi isiyovumilia kitu kinachosinyaa. Kampuni ya Ciba ya mjini Basel iliitoa kama gundi mwaka 1946 kwa jina la Araldite, na mpaka leo utawasikia mafundi wa Nairobi wakiita gundi yoyote ya tyubu mbili kwa jina hilo.

Aina inayoganda upesi mara nyingi hutumia kigumishi chenye salfa ndani yake, na ndicho kinacholeta ile harufu ya yai viza unapofungua kifuniko. Harufu hiyo haimaanishi kwamba gundi imeharibika. Upesi huo, hata hivyo, una gharama yake. Epoksi ya polepole, ile inayokupa saa nzima au zaidi ya kufanyia kazi, huwa na nguvu zaidi na huvumilia joto na maji vizuri zaidi. Kwa kitu kitakachobeba uzito mkubwa au kitakachokaa ndani ya maji, chagua ya polepole na uwe na subira.

Gundi hii hupatikana katika hadiwea za mitaani, katika maduka ya River Road na Kirinyaga Road, na hata kwa wachuuzi wenye meza karibu na vituo vya matatu. Popote unaponunua, itazame tarehe ya mwisho wa matumizi, tafuta alama ya KEBS, yaani shirika la viwango la Kenya, na ubonyeze kila tyubu kwa kidole kupitia pakiti: zote mbili ziwe laini kwa namna ileile, kwa maana tyubu iliyokaza upande mmoja imekaa dukani kuliko inavyofaa. Ile isiyo na rangi inafaa kauri, kioo na mbao, nayo ile ya tyubu nyeusi na nyeupe, inayotoa rangi ya kijivu, imetiwa unga wa chuma na inafaa zaidi vyuma. Ipo pia ya donge, inayokandwa kwa vidole kama unga wa chapati, ambayo nitaitaja tena tukifika kwenye mabomba.

Tazama kwanza chini ya chombo

Wakati mmoja wa mgao wa maji jirani yangu alinijia na mtungi wa lita 20 uliopasuka karibu na kitako, na pakiti mpya ya epoksi mkononi, akaniomba nimsaidie kuziba ufa huo kabla maji hayajarudi jioni. Ilinibidi nimwambie kwamba gundi hiyo haitashika, na kwa kuwa maneno matupu hayamridhishi mtu ambaye ameshatoa pesa, tulipaka tone moja ubavuni mwa mtungi tukangoja saa moja. Tone lilikuwa gumu kama jiwe. Nililisukuma kwa ukucha likabanduka zima, kama gamba la samaki, na mahali lilipokuwa hapakubaki hata alama.

Kosa halikuwa la gundi. Mitungi, ndoo, mabeseni, viti vingi vya plastiki na matanki ya maji tunayoyaona juu ya nyumba zetu hutengenezwa kwa polithini au polipropilini, plastiki ambazo nyuso zake hazikubali kushikwa na epoksi. Pindua chombo utafute pembetatu ndogo ya mishale yenye nambari katikati: ukikuta 2, 4 au 5, weka tyubu zako kando. Mtungi wa namna hiyo huzibwa kwa kuyeyusha plastiki yenyewe, kazi wanayoifanya mafundi wa mitungi kwa chuma cha moto na kipande cha plastiki ya aina ileile. Nambari 3, ambayo ni PVC, na nambari 6 zinashika vizuri zikipigwa msasa. Nambari 7 ni mkusanyiko wa plastiki nyingi tofauti, kwa hiyo jaribu tone moja mahali pasipoonekana, kama tulivyofanya sisi, kabla ya kupaka kiungo chenyewe. Epoksi haishiki pia silikoni, nta, wala ule utando mweusi wa kikaango kisichoshika chakula.

Kauri, kioo, mawe, mbao, chuma, shaba na alumini vyote vinakubali. Ngozi, kitambaa na mpira vinaweza kushikwa, lakini gundi hii ikishaganda haipindi, kwa hiyo soli ya kiatu iliyounganishwa kwayo itapasuka mahali palepale mguu unapokunja. Mpelekee fundi wa viatu, ambaye ana gundi yake inayonyumbuka.

Kusafisha

Niliwahi kumuuliza fundi mmoja wa Kamukunji, kwenye karakana za mafundi wa vyuma jijini Nairobi, kwa nini viungo vyake hudumu kuliko vyangu, ilhali tunanunua gundi ileile. Alinijibu bila kuinua macho: "Mama, gundi haishiki chuma. Inashika kile kilicho juu ya chuma." Kama kilicho juu ni mafuta ya kupikia, kutu, rangi inayobanduka au jasho la vidole, basi hicho ndicho utakachokuwa umekigundisha.

Nitaeleza kazi hii kwa mfano wa kitu nilichokitengeneza mimi mwenyewe, kifuniko cha bakuli la sukari la kauri nililopewa na mama yangu, ambacho kifundo chake cha kushikia kilikatika kilipoanguka kwenye sinki. Kilikuwa kimeshawahi kugundishwa, na masalio ya gundi ya zamani yalionekana kama ukoko wa manjano kwenye kingo. Gundi mpya haipakwi juu ya gundi ya zamani. Niliviweka vipande vyote viwili katika bakuli la maji ya moto kwa robo saa, ukoko ukalegea, nikaukwangua kwa ncha ya wembe na kusugua mabaki kwa mswaki mkuukuu wenye sabuni ya vyombo. Kisha nilisuuza kwa maji safi mara mbili, kwa sababu sabuni iliyobaki huharibu kazi kama mafuta yenyewe.

Kuna jaribio dogo linaloonyesha kama uso ni safi. Kwenye kioo, chuma au kauri yenye mng'ao, tiririsha maji kidogo uyatazame: yakitanda kuwa utando mmoja usiokatika, uso ni safi, na yakijikusanya kuwa matone matone kama juu ya jani la mgomba, mafuta bado yapo na kazi ya sabuni irudiwe.

Mahali kauri ilipovunjika hapana mng'ao, na udongo wake hunywa maji. Nilivianika vipande vyangu dirishani penye jua nikaviacha mpaka kesho yake, kwa sababu kwa nje huonekana vikavu huku ndani bado vina unyevu unaotosha kuidhoofisha gundi. Asubuhi nilivipangusa kwa pamba yenye spiriti nikangoja dakika chache iruke. Usipanguse kwa mafuta ya taa wala petroli, ambavyo huacha utando wa mafuta nyuma yake, na ukishapangusa usiguse tena sehemu itakayopakwa, hata kwa kidole unachodhani ni kisafi.

Kingo za kauri iliyovunjika hazipigwi msasa, kwa kuwa ukizilainisha hazitarudiana tena kama zilivyokuwa. Chuma na plastiki ngumu, kinyume chake, lazima zikwaruzwe kwa msasa wa namba 80 hadi 120, ukisugua kwa kukatisha mistari, mpaka mng'ao upotee wote na uso uwe na mikwaruzo ya kushikika. Alumini iunganishwe saa hiyohiyo baada ya kupigwa msasa, kwa sababu hewa huifanyia utando mpya upesi. Osha au pangusa vumbi la msasa kabla ya kuendelea. Nimeona watu waliosugua kwa bidii kisha wakapaka gundi juu ya vumbi lao wenyewe.

Kabla ya kufungua tyubu, unganisha vipande vikiwa vikavu uone vinavyokaa, na uamue ni kitu gani kitakachovishikilia. Mkono wako hautoshi, maana hutetemeka, na dakika 20 ni nyingi. Kwa kifuniko changu nilijaza beseni dogo mchanga mkavu nikakiketisha kifuniko ndani yake, kikiwa kimeinamishwa hata sehemu iliyovunjika ikawa inatazama juu sawasawa, ili uzito wa kifundo chenyewe ukibane kiungo. Mchele hufanya kazi hiyo vilevile. Kwa vitu vingine hutosha tepu ya karatasi, vibanio vya kuanikia nguo, au mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, ule wanaofungia mizigo waendesha bodaboda, ambao huzungushwa ukiwa umevutwa kiasi.

Dakika zenyewe

Vaa glavu na ufungue dirisha. Kamulia gundi juu ya kifuniko cha plastiki cha kopo la majarini: ile tabia iliyomkosesha jirani yangu mtungi inakufaa hapa, kwa sababu gundi inayobaki itabanduka yenyewe kesho na kifuniko kitatumika tena. Kamua mistari miwili sambamba yenye urefu sawa, na uangalie unene pia, kwa kuwa tundu za tyubu mbili hazilingani kila mara na mstari mwembamba wenye urefu uleule ni gundi kidogo zaidi. Wengi huzidisha kigumishi wakidhani kwamba kitaharakisha kazi. Hakiharakishi. Resini na kigumishi hushikana kwa kipimo, na kilichozidi hubaki bila mwenzake ndani ya kiungo, kikakifanya kinate au kilegee daima. Kama pakiti yako inataja uwiano mwingine usiokuwa nusu kwa nusu, fuata pakiti.

Changanya kwa kijiti cha meno au cha aiskrimu kwa muda wa dakika moja hivi, ukikwangua pembeni na chini ya kijiti chenyewe, mpaka usione tena michirizi na rangi iwe moja. Dakika hiyo moja huonekana ndefu mtu anapojua kwamba amebakiwa na nne tu, lakini mahali ambapo hapakuchanganyika hapatashika kamwe. Changanya kidogo kidogo: kiasi cha punje mbili za maharage kinatosha kwa viungo vingi vya nyumbani, na donge kubwa hutoa joto lake lenyewe, likaganda mbele ya wakati na wakati mwingine likawa la moto kiasi cha kuunguza kidole.

Paka utando mwembamba kwenye uso mmoja kama ni kauri inayorudiana vizuri, na kwenye nyuso zote mbili kama ni chuma au mbao. Unganisha, bonyeza, sogeza kidogo huku na huku ili hewa itoke, kisha acha. Ikichungulia shanga nyembamba ya gundi kuzunguka kiungo, umepaka kiasi kinachofaa. Usikaze kwa nguvu zako zote, kwa sababu epoksi inahitaji kubaki na unene fulani, na kiungo kilichokamuliwa mpaka kikawa kikavu huwa dhaifu kuliko kilichoachwa na utando wake.

Gundi iliyochungulia nje usiifute ikiwa mbichi, kwani utaisambaza na kuacha ukungu usiotoka. Ngoja mpaka iwe kama mpira wa kufutia, kwa kawaida kati ya dakika 10 na 20, halafu ipunguze kwa wembe uliolazwa karibu na chombo. Kwenye kifuniko changu ilitoka kama uzi mmoja mrefu uliozunguka shingo yote ya kifundo, nami nikajua kwamba hapakuwa na mahali palipokosa gundi. Ukichelewa, itakubidi utumie tupa.

Wakati wowote utakapoona gundi iliyobaki kwenye kifuniko cha majarini inavuta nyuzi unapoinua kijiti, acha kupaka, hata kama kiungo hakijamalizika. Changanya nyingine. Gundi iliyoanza kuganda hulala juu ya uso bila kupenya kwenye mikwaruzo, na utadhani imeshika mpaka siku ya kutumika.

Hali ya hewa ya Nairobi ina sauti yake katika jambo hili. Nyakati zilizoandikwa kwenye pakiti hupimwa katika chumba chenye nyuzijoto 20 hadi 25 hivi. Mwezi wa Julai, alfajiri inapoweza kushuka hadi 12 au chini yake, resini huwa nzito kama asali ya zamani, haichanganyiki vizuri, na kiungo huchukua muda mara mbili au zaidi. Tia tyubu zilizofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, uziweke katika maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi, na uviache vipande vyenyewe juani kabla ya kuanza. Mchana wa Februari au Machi chini ya paa la mabati mambo hugeuka: kila joto linapoongezeka nyuzijoto 10, muda wako hupungua kwa karibu nusu, na dakika tano huwa mbili na ushei. Fanya kazi hiyo asubuhi.

Nguvu iko wapi, na isikotakiwa kutegemewa

Kiungo cha epoksi huvumilia sana kubanwa na kuvutwa kwa ubavu, yaani vipande viwili vilivyolaliana vinapojaribu kuteleza kimoja juu ya kingine. Hakivumilii kubanduliwa, nguvu inapoanzia kwenye ukingo mmoja na kwenda ikifungua kama mtu afunguaye bahasha. Kwa hiyo kitu chembamba kilichokatika katikati, kama fremu ya miwani au mkono wa kikapu cha friji, hakitoshi kuunganishwa ncha kwa ncha. Kiwekee kiraka upande usioonekana, kipande cha bati au cha plastiki inayokubali gundi, kilichokwaruzwa pande zote, kinachopita kiungo kwa sentimita moja au mbili kila upande.

Mkono wa kikombe cha chai unakutana na matatizo mawili kwa pamoja, joto na kubanduliwa. Niliwahi kuunganisha mmoja kwa usafi wote niliousimulia, nikangoja saa 24, nikakitumia kikombe majuma mawili; siku moja mkono ulibaki kidoleni na chai ikanimwagikia gotini, nami nikauguza malengelenge kwa siku kadhaa. Epoksi nyingi za upesi huanza kulegea joto linapopita nyuzijoto 60 hivi. Nairobi iko mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari, na ingawa maji yetu huchemka mapema kuliko ya Mombasa, bado ni karibu nyuzijoto 94, mbali sana na kile ambacho gundi hiyo inaweza kukivumilia. Kikombe kilichotengenezwa kiwe cha kuwekea kalamu au mche wa dhania. Sababu hiyohiyo inakataza mikono ya sufuria, vifuniko vya birika, pasi, na kitu chochote kinachokaa karibu na jiko.

Usiitumie pia ndani ya chombo, mahali panapoguswa na chakula au maji ya kunywa, isipokuwa pakiti yenyewe iseme wazi kwamba inaruhusiwa. Kifundo cha kifuniko changu kiko nje, hakikutani na sukari, na ndiyo sababu nilikubali kukitengeneza.

Mtungi wa gesi, regula yake na mpira wake havigundishwi kwa gundi yoyote. Nalisema hili bila kuacha mlango wazi: sehemu iliyoharibika hubadilishwa, na mtungi unaovuja hutolewa nje penye hewa na kurudishwa kwa muuzaji. Plagi na soketi zilizovunjika nazo hubadilishwa, maana zikipata joto kiungo hulegea na kuacha nyaya wazi mbele ya mtoto.

Bomba la maji machafu chini ya sinki halina shinikizo, na ufa wake unaweza kuzibwa vizuri kwa epoksi ya donge baada ya bomba kukaushwa na kukwaruzwa, mradi liwe la PVC. Mabomba mengi meupe yanayokunjika, yale yenye mikunjo kama kiwavi, ni ya polipropilini na hayatashika. Bomba linaloleta maji kutoka kwenye tanki au kwa kampuni ya maji ni jambo jingine. Donge linaweza kukupa siku moja au mbili, ukishafunga koki kuu, ya kumngojea fundi bomba, lakini usilipake plasta juu ukahesabu kwamba kazi imekwisha.

Kuna matumizi moja ambayo naona watu wengi hawayajui, nayo yamenisaidia katika kila nyumba niliyopanga. Skrubu za bawaba au komeo zikilegea kwa sababu tundu lake kwenye mlango limepanuka, toa skrubu, safisha tundu kwa kijiti, kisha lijaze epoksi. Paka skrubu nta ya mshumaa kwenye mikunjo yake yote, irudishe tunduni kwa upole, na uache mpaka kesho. Kwa kuwa gundi haishiki nta, skrubu itafunguka kwa bisibisi kama kawaida, ikiacha nyuma yake njia mpya ya mikunjo iliyo ngumu kuliko mbao zenyewe.

Ngozi yako, na tyubu zilizobaki

Watu hudharau hatari ya gundi hii kwa sababu haichomi inapogusa mkono. Madhara yake huja polepole: resini mbichi na kigumishi vinaweza kuufundisha mwili kuvikataa, na mtu aliyekwisha kufikia hapo hupata ukurutu na muwasho kila anapoigusa, hata kidogo, kwa kawaida katika maisha yake yote. Vaa glavu za naitrili, ambazo huuzwa katika maduka mengi ya dawa. Ikikugusa, ifute mara moja kwa karatasi kavu kisha uoshe kwa sabuni na maji mengi. Usitumie thina wala asetoni kwenye ngozi, kwa sababu huiyeyusha resini na kuisaidia kupenya. Viache vya kusafishia vifaa. Unapopiga msasa gundi iliyoganda, vaa barakoa na ulowanishe msasa ili vumbi lisiruke. Mabaki yaliyochanganywa yaache yagande kabisa kabla ya kuyatupa, na ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi kwa robo saa kisha uende hospitali.

Baada ya kazi, futa midomo ya tyubu kwa karatasi mbili tofauti na urudishe kila kifuniko mahali pake. Vifuniko vikibadilishana hata mara moja, kigumishi kidogo kilichonasa ndani ya kimoja kitakutana na resini, na tyubu haitafunguka tena. Mimi hutia alama nyekundu kwenye tyubu ya resini na kwenye kifuniko chake siku ileile ninayonunua. Zihifadhi zikiwa zimesimama, mahali pakavu pasipofikiwa na watoto. Ukizikuta baada ya majira ya baridi resini imekuwa nyeupe na yenye chembechembe kama sukari ya mawe, usiitupe: imeganda kwa baridi tu, na ukiitumbukiza tyubu ikiwa imefungwa katika maji yenye joto la nyuzijoto 50 hivi, yale ambayo mkono unayavumilia kwa shida, chembe zitayeyuka na itarudi kuwa angavu. Iache ipoe kabisa kabla ya kuichanganya, la sivyo dakika zako tano zitakuwa zimekwisha ukiwa bado unakoroga.